Baiskeli za mlimani za mtumba Moshi: breki kwanza, rangi baadaye

Kama uko Moshi na unatafuta baiskeli ya mlimani ya zamani, zile za tairi inchi 26, anza na breki kabla hujauliza gia ngapi. Mjini hapa hata mita 1,000 juu ya bahari hatujafika ila geti la Machame la kupandia Kilimanjaro linapita 1,700, sasa ukipanda huko lazima ushuke, na ukishuka ni lami halafu vumbi halafu tope la masika, breki ya kubahatisha itakuua aisee.

Nimezipanga kwa breki, kuanzia bora mpaka mbovu. Namba moja kwangu ni za kuanzia mwisho wa miaka ya 90 mpaka 2005 hivi zenye V-breki na uma wa mbele mgumu, usio na shokapu. Kampuni ya Shimano walizitoa V-breki 1996, mikono miwili mirefu, waya unaingia kwa pembeni, mipira miwili ya kubana rimu, basi. Zinakamata vizuri na fundi yeyote wa chini ya mti anaziweza. Ukikuta Specialized Hardrock au Trek 800 ya kipindi hicho na fremu iko salama, chukua.

Namba mbili ni zenye breki za kantileva, yaani mikono miwili mifupi inayovutwa na waya wa katikati, za mwisho wa 80 na mwanzo wa 90. Watu wanazidharau bure, fremu zake nyingi ni chuma cha kromoli (kilichochanganywa kromiamu na molibdeni), nyepesi na inadumu, shida ni breki zinataka mtu anayejua kuzitega. Uzuri ni kwamba vile vichuma vya kushikia breki kwenye fremu vinakubali V-breki, ila ubadilishe na leva za mkononi maana leva ya kantileva inavuta waya kidogo, ukichanganya leva inagonga usukani kabla baiskeli haijakamata. Zile zenye U-breki, ya mikono iliyopishana, chini karibu na pedali achana nazo, vishikio vyake vimekaa kwingine na tope lote linaishia hapo.

Sasa umbo la fremu, hapa ndo wengi hawaangalii kabisa. Fremu nyingi za miaka ya 90 bomba la mbele linalobeba usukani limesimama sana, kama digrii 71, halafu shingo ya usukani ndefu milimita 120 na zaidi. Kupanda Kibosho ni raha, tairi la mbele halinyanyuki, ila kushuka uzito wote unakuwa mbele na usukani una wasiwasi, jiwe dogo tu linakugeuza. Dawa yake ni shingo fupi, 80 hivi, na usukani mpana, na utaona inatulia. Usimsikilize anayekwambia uweke uma mrefu wa shokapu, kila milimita 20 unazoongeza zinalaza lile bomba kama digrii moja na fremu ya zamani haikutengenezwa kubeba mzigo huo.

Namba tatu, zenye breki za diski zinazovutwa na waya, nzuri kwenye matope, ila hakikisha pedi zake zinapatikana. Nne, za diski zinazosukumwa na mafuta, na hapa kuwa makini sana: Shimano wanatumia mafuta ya madini, Hayes na Avid nyingi za zamani zinatumia DOT, mafuta ya breki kama ya gari, ukiweka DOT kwenye Shimano umeua mipira ya ndani. Za mwisho kabisa ni zile za bei rahisi zenye shokapu mbele na nyuma, nzito na bushi zimelegea, mlima utausukuma kwa mguu.

Kwa muuzaji pitisha kidole kwenye ukuta wa rimu pale mipira inapokamata, ukisikia bonde rimu imeliwa na inaweza kupasuka tairi likiwa na upepo. Kagua chini ya bomba kubwa linaloshuka kwenye pedali, nyuma tu ya linapoungana na bomba la mbele, rangi ikiwa imejikunja ujue iligongwa. Halafu legeza nati ya kiti uvute bomba lake juu, likigoma liache hapohapo na baiskeli yake.