ggplot2 kwa grafu za thesis: nzuri sana, ila ipitishe kwenye fotokopi kwanza

Wakuu, miaka sita sasa nachora grafu kwa ggplot2, za kwangu na za wadogo zetu wa chuo wanaoniletea data, nikaona niandike maana naulizwa kila wiki. Ni programu ya nyongeza ya bure ya kuchora grafu, inakaa ndani ya R, ile lugha ya kompyuta ya takwimu, Hadley Wickham aliitoa 2007, na kilichonifanya nisiiache ni kwamba kila kitu unakiamrisha kwa maandishi, ukishapanga rangi na fonti mara moja basi grafu ya ishirini inatoka sawa na ya kwanza, na msimamizi akisema ongeza data ya mwaka mwingine huanzi kubofyabofya upya, unaendesha skripti tena imeisha.

Rangi sasa. Usipoiambia kitu inakuchagulia yenyewe, inazunguka duara la rangi kwa umbali sawa na zote inazipa mwangaza uleule. Kwenye skrini zinavutia kweli. Mwaka jana nilichora mvua ya mwezi kwa mwezi ya Dodoma, Mbeya, Songea na Mtwara, mistari minne, tukatoa nakala tano za nyeusi na nyeupe steshenari maana kurasa za rangi ni hela nyingi, nafungua ukurasa palepale kaunta nakuta mistari minne ya kijivu kilekile. Na hiyo miji yote ina msimu mmoja wa mvua, mistari inapanda pamoja kuelekea Januari, inashuka pamoja, Julai yote imelala chini karibu na sifuri, huwezi kusema hii Mbeya hii Songea. Iliniuma, kazi ya miezi iko sahihi kabisa halafu mtahini haioni.

Tangu siku hiyo sitegemei rangi peke yake. Ndani ya aes, ile sehemu ya kuunganisha data na mwonekano wa grafu, naandika colour = mji, linetype = mji, mstari unapata rangi na aina yake: mzima, wa vipande, wa nukta, wa nukta na kipande, ziko sita zenye majina ila mimi zikizidi nne nagawa grafu kuwa vigrafu vidogo kwa facet_wrap maana macho yanachoka. Lejendi, kile kisanduku kinachoeleza mstari upi ni wa nini, inajiunga yenyewe kuwa moja mradi kichwa cha rangi na cha linetype kiwe neno lilelile, ukibadilisha kimoja ukasahau kingine zinatoka lejendi mbili. Unene unaokuja nao ni 0.5, mimi naupandisha 0.8 kwa sababu nukta nyembamba zinapotea kwenye printa iliyochoka. Na hapa mafunzo ya zamani yanawachanganya watu, unene wa mstari ulikuwa unaitwa size, kuanzia toleo la 3.4.0 la 2022 ni linewidth.

Rangi zenyewe natumia scale_colour_viridis_d(end = 0.85), zinatoka giza kwenda mwanga kwa mpangilio kwa hiyo hata fotokopi inazitofautisha, na hiyo 0.85 inakata ile njano ya mwisho ambayo kwenye karatasi nyeupe haionekani. Asiyetofautisha nyekundu na kijani naye anasoma vizuri, na tunao hao madarasani.

Kuna kosa nimeliona kwa karibu kila anayeanza: unaandika colour = "blue" ndani ya aes, mstari unatoka pinki ya kuelekea chungwa, unadhani programu imeharibika. Ndani ya aes ile "blue" inahesabiwa kama data, kundi moja linaloitwa blue, linapewa rangi ya kwanza ya orodha. Itoe nje ya aes, bluu inakuja.

Naipa nyota nne, ya tano nimeizuia kwa ajili ya maandishi. Kwenye theme, panapopangwa mwonekano wa jumla, saizi ni pointi, kama Word, inaanza na 11. Kwenye geom_text, inayoandika maneno ndani ya grafu yenyewe, saizi ni milimita! Ukiandika 12 ukitegemea herufi za kawaida unapata herufi za pointi 34 zimefunika grafu nzima. Gawa kwa .pt, namba ya ggplot2 ya kubadilisha vipimo hivyo viwili, yaani size = 12 / .pt, inakaa sawa. Na chuo kikidai Times New Roman usihangaike kuandika jina hilo, PDF ya kawaida ya R ina orodha yake ya fonti na itakugomea, weka base_family = "serif" inatosha, au kama lazima iwe fonti fulani basi hifadhi kwa ggsave yenye device = cairo_pdf, fonti inaingia ndani ya faili na haibadiliki ukifungulia kompyuta ya mtu mwingine. Upana uandike hapohapo, mimi A4 naweka width = 15, units = "cm", halafu kwenye Word siivuti tena kona, maana ukiivuta herufi zote ulizozipanga nazo zinavutika.