Kibali cha maji ya mvua cha EPA: fomu ni bure, kalenda ndiyo ghali

Mwenye yadi ya malori Manchester, New Hampshire, au ya magari chakavu Lowell, Massachusetts, hapewi kibali cha maji ya mvua na jimbo lake. Majimbo hayo mawili, pamoja na New Mexico na jiji la Washington, DC, yako chini ya EPA, shirika la mazingira la serikali kuu ya Marekani. Kibali chenyewe kinaitwa MSGP, kibali cha jumla cha maji ya mvua yanayotoka kwenye maeneo ya viwanda na shughuli kama hizo. Toleo tunalolipitia ni la 2021, lililoanza tarehe 1 Machi mwaka huo na kuandikiwa kikomo cha 28 Februari 2026. Kikomo kikipita kabla ya toleo jipya kuanza, aliyekwisha kusajiliwa huendelea na masharti yaleyale. Anayefungua yadi mpya katika kipindi hicho ndiye hubaki njia panda. Walioko California, Texas au Ohio wana vibali vya majimbo yao. Sura zinafanana, tarehe na vipimo havifanani, kwa hiyo msinakili.

Hakikisheni kwanza kwamba mnakihitaji. Kinachoangaliwa ni namba ya SIC ya shughuli yenu, yaani namba ya kuainisha aina ya biashara. Kampuni ya malori (4212 au 4213) inaguswa ikiwa ina karakana ya matengenezo au mahali pa kuoshea magari, na hata hapo ni zile sehemu tu za yadi zinazotumika kwa matengenezo, kujaza dizeli, kupaka grisi na kuosha. Yadi ya kuegesha tu, ambayo hayo yote hufanyika kwingine, haimo. Gereji ya kawaida ya magari ya wateja (7538) haimo kwenye orodha kabisa; mshauri akitaka kuwauzia mpango wa MSGP kwa gereji ya namna hiyo, mwambieni awaonyeshe kifungu. Yadi ya kung'oa vipuri (5015) imo, na imo yote, chini ya kundi M, moja ya makundi ya shughuli ndani ya kibali.

Kuomba hakuna ada. Unaingia kwenye CDX, mfumo wa mtandaoni wa EPA, unafungua NeT-MSGP, sehemu ya kibali hiki, unajaza taarifa ya nia, yaani ombi lenyewe, angalau siku 30 kabla maji ya yadi hayajaanza kutoka chini ya kibali. Hapa ndipo tunapokata alama. Mfumo unatenganisha mwandaaji na mtia saini, na taarifa ya nia lazima isainiwe na mwenye mamlaka halisi: mmiliki, mbia, au ofisa wa juu wa kampuni. Mshauri anaweza kuiandaa, hawezi kuithibitisha; meneja wa yadi naye hawezi, isipokuwa kampuni imemkabidhi rasmi mamlaka ya kuamua na kusaini. Mtia saini naye lazima utambulisho wake uhakikiwe kwanza, na akishindwa kuhakikiwa mtandaoni hubaki kutuma mkataba wa saini kwa karatasi. Kwa hiyo akaunti ya bosi ifunguliwe mapema, kabla ya akaunti ya mwingine yeyote. Maswali ya viumbe walio hatarini na majengo ya kihistoria nayo si ya kujibu kwa kubahatisha. Yanataka ushahidi, na ushahidi huo unakaa ndani ya mpango.

Mpango wa kuzuia uchafuzi, ambao watu wa kazi hii huuita swipu, lazima uwe tayari kabla ya kutuma taarifa ya nia. EPA wanatoa kielelezo cha bure cha kujaza, na hicho tunakipa nyota 5. Kwa yadi ndogo kinatosha bila mshauri. Kinakuuliza timu ni nani, vitu gani viko wazi kunyeshewa na mvua, vilimwagika nini na wapi, unazuia kwa njia gani, na nani anakagua lini. Udhaifu haumo kwenye kielelezo, umo kwenye ramani. Watu hupachika picha ya setilaiti na kuchora mpaka. Ramani inatakiwa ionyeshe mishale ya mwelekeo wa maji, kila chemba, kila mdomo ambapo maji yanatoka nje ya eneo, na mahali pa betri, oili chafu, dizeli na mapipa ya taka. Itembeeni yadi mvua ikinyesha. Mteremko unaodhani uko kushoto mara nyingi uko kulia, na maji ya jirani huwa yanapita kwako. Hilo liandikeni, maana litawafaa vipimo vikija vibaya.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo pesa na usingizi vinapokwenda. Kila robo mwaka mnafanya ukaguzi wa yadi, na angalau mmoja kwa mwaka ufanyike maji yakiwa yanatoka. Kila robo pia mnachota maji kwenye chupa safi isiyo na rangi na kuyaangalia kwa macho: rangi, harufu, uangavu, vinavyoelea, vinavyozama, povu, utando wa mafuta. Kwenye theluji, angalau mara moja iwe ni maji ya theluji inayoyeyuka. Kwa mvua, sampuli ichotwe ndani ya dakika 30 za mwanzo wa maji kutoka, na tangu mvua iliyotoa maji mara ya mwisho ziwe zimepita saa 72. Mkichelewa, chukueni mapema iwezekanavyo na muandike sababu. Mvua ya saa 9 usiku haina mtu, na ndiyo maana robo nzima hupita bila sampuli. Dawa yake ni ndogo: chupa ziwekwe tayari kazini wiki ya kwanza ya robo, na watu wawili wawe wamefundishwa, asiwe mmoja.

Kundi P, yaani usafirishaji, hupima pH (uchachu wa maji), TSS (chembe ngumu zilizomo ndani ya maji) na COD (oksijeni inayohitajika kuvunja uchafu kwa kemikali) kila robo kwa muda wote wa kibali. Ni vya kutoa taarifa tu, hakuna kiwango cha kuvuka. Kundi M hupima TSS, alumini na risasi, robo nne za mwaka wa kwanza na robo nne za mwaka wa nne. Chupa ndizo zinazoharibu kazi. pH hupimwa ndani ya dakika 15, kwa hiyo ipimeni palepale kwa kipima pH kilichosanifishwa. pH iliyosafiri hadi maabara haina thamani. TSS ikae kwenye barafu, isizidi nyuzi 6 za Selsiasi, na ipimwe ndani ya siku 7. Chupa ya COD huja na tindikali ndani: usiisuuze, wala usiijaze hadi imwagike, tindikali itaondoka na maji. Kwa risasi ombeni maabara ipime na ugumu wa maji, kwa sababu katika maji yasiyo ya chumvi kiwango chake hutegemea ugumu huo. Chota pale maji yanapodondoka, usikwangue matope ya chini ya mtaro. Kijiko kimoja cha tope kinatosha kuwaharibia mwaka.

Hesabu yenyewe ni hii. Kiwango cha TSS ni 100 mg/L na cha alumini ni 1,100 µg/L, na kinachotazamwa ni wastani wa robo nne. Lakini sampuli moja ikitoa TSS zaidi ya 400, wastani umeshavuka hata kama robo tatu zilizobaki zitatoa sifuri. Kuvuka si kosa la kisheria. Kosa ni kunyamaza baada ya kuvuka. Ngazi ya kwanza mnapitia upya hatua zenu na kurekebisha ndani ya siku 14, au 45 ikishindikana. Ya pili mnaongeza usafi na uzuiaji kwa muda uleule. Ya tatu ni ujenzi, paa au mtambo wa kusafisha maji, na mna siku 60, au 90 ikishindikana. Yadi nyingi zingeishia ngazi ya kwanza kama zingefagia kokoto na vumbi kabla ya mvua badala ya kununua mifuko ya kuchuja ya kuweka kwenye chemba. Mfuko ukijaa maji hupita juu yake, na mtu wa kuutoa huwa hajapangwa.

Kuosha malori kusifikiriwe kuwa mvua. Maji ya kuoshea hayaruhusiwi na kibali hiki, yawe na sabuni au yasiwe nayo. Yaende kwenye mfereji wa majitaka kwa idhini ya mji, au yazungushwe na kutumika tena.

Bora kuliko kibali chenyewe, kwa anayeweza, ni cheti cha kutokuwa na kitu wazi, yaani uthibitisho kwamba hakuna kitu cha kazi kinachonyeshewa. Kina maswali 11, na jibu moja la ndiyo linakuondoa. Ni eneo lote, huwezi kuuombea mdomo mmoja. Mapipa yaliyofungwa barabara na yasiyo na koki yanaruhusiwa nje, foklifti isiyovuja pia. Ukikipata, swipu na sampuli zote zinaondoka, unakihuisha kila miaka 5. Kabla ya kumlipa mshauri wa mwaka wa pili, linganisheni ankara yake na bei ya paa.

Majibu ya maabara huingizwa NetDMR, mfumo wa mtandaoni wa kupokea vipimo, ndani ya siku 30 tangu mmeyapata, ripoti ya mwaka mwisho ni 30 Januari. Bango la kibali liwekwe mahali watu wa nje wanapoliona. Hilo ni jipya katika toleo la 2021 na ndilo mkaguzi analoweza kuliona akiwa bado barabarani. Kima cha juu cha faini, kwa marekebisho ya Januari 2025, ni dola 68,445 kwa siku kwa kila kosa.