Uchapaji wa vifungashio Mbeya: mashine wanayo, faili wanaliulia kwenye kompyuta

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, tuandike hivyo hivyo.

Ni ofisi ya uchapaji hapa Mbeya mjini, wale wanaotengeneza vikasha vya kahawa, lebo za asali na maboksi ya parachichi. Bei sizigusi, kila mtu ana simu ya kuuliza. Shida yangu ni moja tu: wanavyopokea faili.

Kazi ilikuwa kikasha cha kahawa ya Mbozi cha gramu 250, rangi nne za kawaida za uchapaji (sayani ya bluu, majenta ya pinki, njano na nyeusi) pamoja na kijani maalumu cha mteja. Faili lilikwenda likiwa PDF/X-4, aina ya PDF ya uchapaji, limekamilika: ziada ya milimita 3 ya kukatwa kila upande, maandishi madogo kwa nyeusi tupu asilimia 100, bakodi ya vekta (mistari iliyochorwa kwa hesabu, si kwa nukta), na mistari ya kukata na kukunja kwenye tabaka lake, yenye rangi yake ya spoti (wino wa peke yake, nje ya zile nne), imewekwa ikae juu ya rangi nyingine bila kuzitoboa. Kijana wa kompyuta hata hakulifungua. "Kaka, hizo PDF zenu za shule ndizo zinatuchelewesha. Nirushie JPEG WhatsApp, kazi iishe." Akaambiwa kifungashio hakiendi hivyo. Akageuka kumhudumia mteja wa kadi za harusi. Halafu baadaye akaligeuza mwenyewe kuwa JPEG, hakuuliza, hakutoa prufu (nakala ya kukagua kabla ya kuchapa), akapeleka kwenye pleti, yale mabamba ya kuchapia, moja kwa kila rangi.

Sasa tazameni kilichotoka. JPEG haina tabaka wala rangi ya spoti. Kwa hiyo zikatoka pleti nne badala ya tano, kijani cha mteja kikapikwa kwa sayani na njano kikawa kama majani ya mgomba yaliyokauka. Mistari ya kukata, ambayo haikupaswa kuonekana popote, ikachapwa: uzi wa pinki kwenye kona zote za kikasha, maana kisu hakiwezi kupita juu ya mstari barabara kila karatasi.

Maandishi ndiyo yaliniumiza zaidi. JPEG yake ilikuwa ya RGB, rangi za skrini. Nyeusi ya RGB ukiigeuza kwenda CMYK, zile rangi nne za wino, kwa mpangilio wa kawaida wa Photoshop wa Marekani, ule wa SWOP, inakuwa sayani 75, majenta 68, njano 67, nyeusi 90. Jumla asilimia 300 ya wino kwenye herufi ya pointi 6! Nyeusi tupu ya asilimia 100 haina vidoti, ukingo wa herufi unabaki mkali. Ukiijenga kwa rangi nne hivyo, zote zinakuja kwa vidoti, na karatasi ikicheza hata sehemu ya kumi ya milimita herufi inapata kivuli chekundu upande mmoja na cha bluu upande wa pili. Orodha ya viungo na tarehe ya kuisha muda vikawa vya kusoma kwa kukisia. Bidhaa ya chakula hiyo.

Bakodi nayo ikakataa kusomeka dukani. Hesabu yake si ngumu. EAN-13, bakodi ya kawaida ya dukani yenye tarakimu 13, kwa ukubwa wa asilimia 80, ambao ndio mdogo kabisa unaokubalika, mstari wake mwembamba una milimita 0.264. Picha ya nukta 150 kwa inchi, kila nukta ina milimita 0.169. Mstari mmoja unadai nukta moja na nusu na kidogo; hakuna nusu nukta, kwa hiyo mingine inanenepa, mingine inakonda, na kingo zinajaa kijivu. Ongeza na ile nyeusi ya rangi nne iliyocheza. Skana itasoma nini hapo?

Wakijitetea kwamba mashine yao ya kutengeneza pleti ni ya zamani na inasumbuliwa na vivuli na rangi zinazopenyeza, hilo naelewa kabisa. Dawa yake ni kuomba PDF/X-1a, ambayo vivuli vyote vinaunganishwa na kilicho chini yake kabla faili halijaondoka kwa dizaina, na bado vekta, fonti na spoti vinabaki. Wakitaka CDR, faili la programu ya CorelDRAW, sawa, mradi waseme wana toleo gani, maana la zamani halifungui la mpya. JPEG ibaki kwa picha ya maharage ya kahawa iliyo ndani ya kazi, nukta 300 kwa ukubwa halisi, na hata hapo TIFF, aina ya picha isiyopoteza ubora kama JPEG, ni bora. PNG isahauni, haijui CMYK. Na WhatsApp ukituma kama picha inaibana. Tuma kama hati.

Mkilazimika kwenda pale, fungueni PDF kwenye Acrobat Pro, sehemu ya kukagua pleti, zimeni rangi moja moja. Mkizima nyeusi, maandishi yote madogo na bakodi vipotee kabisa. Kikibaki hata kivuli, msikabidhi. Halafu dai prufu yenye sahihi.

Niliandika nyota moja, lakini fundi wa mashine siwezi kumwonea. Mzee yule aliona uzi wa pinki kwenye karatasi za mwanzo akasimamisha, akaenda kuuliza ofisini, akaambiwa "endelea, ndivyo mteja alivyoleta." Wino wake umekaa sawasawa kuanzia karatasi ya kwanza hadi ya mwisho, mikunjo haijapasuka, gundi imeshika. Nimeona kazi za Dar es Salaam zisizofikia hapo. Mpeni faili lililopita salama, atawatoa kimasomaso. Basi ziwe mbili. Kwa ajili yake hata tatu.

Wakati naandika hapa wamepiga simu. Watarudia kazi, ila tuchangie nusu ya gharama za pleti, "kwa sababu faili lenu lilikuwa na matatizo." Pleti walizoziharibu wao, kwa JPEG waliyoitengeneza wao! Rudisheni nyota zote mbili, fundi atanisamehe.