Traiki ya kiti kimoja ya kuelea angani: ipi inaifaa Tabora

Unayetaka traiki nyepesi (kiti chenye magurudumu matatu na injini, kinachoning'inia chini ya bawa) ya kupanda nayo kwa injini, kuizima, kisha kuelea ukibebwa na hewa ya moto inayopanda, ufikirie kwanza mahali utakaporukia, ndipo ufungue katalogi. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Septemba, joto likifika nyuzi 30, hewa huwa nyepesi kana kwamba uko mita 2,000. Injini ya petroli inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, na mwendo wa kugusa ardhi unaongezeka kwa takriban asilimia 10. Takwimu za mtengenezaji kwa kawaida ni za usawa wa bahari. Zirekebishe kabla ya kulinganisha chochote. Kwa sababu hiyo mpangilio wangu hautafanana na wa mtu anayerukia Ulaya.

Nafasi ya kwanza naipa traiki ndogo yenye bawa la kati: bawa la nguo mbili, juu na chini, lenye mlingoti na nyaya. Dragonfly ya Flylight ya Uingereza na ANT ya Aeros ya Ukraine ni za kundi hili. Bawa la namna hii halishindi mashindano, lakini linageuka polepole ndani ya hewa inayopanda bila kumchosha rubani, na linatua taratibu. Hilo la kutua lina uzito mkubwa huku kwetu. Kuelekea Urambo, Kaliua na Sikonge miombo imetanda, na injini ikigoma kuwaka utatafuta shamba la tumbaku lililokwisha kuvunwa au kipande cha mbuga kilichokauka. Upande wa Igunga, kwenye tambarare ya Wembere, nafasi ni nyingi zaidi, na ndiko ningemshauri anayeanza kuelea akajifunzie.

Kwenye kundi hili usikubali injini isiyo na starta ya umeme. Kamba ya kuvuta inakutaka utoe mkono kwenye chuma cha kuongozea bawa, na utakapoihitaji zaidi ndipo hewa itakapokuwa inakurusha. Ulizia pia pangaboi linalojikunja injini ikizimwa, maana pangaboi lililosimama wazi linavuta upepo na kukushusha upesi. Kuhusu nguvu, injini ya farasi 25, kama Moster 185 ya Vittorazi, ukiwa hapa ihesabu kama ya farasi 20 hivi. Kwa rubani mwepesi inatosha. Mwenye kilo 90 na zaidi atafute kubwa kidogo, na alinganishe uzito wake, wa traiki na wa mafuta na kikomo cha bawa alichoandika mtengenezaji. Kuna watu wanaofunga traiki kwenye bawa la kurukia mlimani lisiloruhusiwa kubeba injini. Usinunue kitu kama hicho hata kwa bei ya kutupa.

Ya pili ni traiki ya umeme, na imekosa nafasi ya kwanza kwa kidogo tu. Hewa nyepesi haiipunguzii mota nguvu, ingawa pangaboi bado litahisi tofauti. Inawaka kwa kubonyeza, haina haja ya kupashwa moto, na anayetaka kuelea anahitaji dakika chache tu za kupanda. Tatizo ni betri. Betri kubwa za lithiamu husafirishwa kama mzigo wa hatari, hivyo usafiri wake una masharti na gharama, na ikifa hutapata nyingine Dar es Salaam kwa wiki moja.

Ya tatu ni traiki yenye bawa gumu la kaboni kama ATOS ya Ujerumani, au bawa la mashindano lisilo na mlingoti. Kwa kuelea ndiyo bora kuliko zote: bawa la ATOS husogea mbele karibu mita 18 kwa kila mita moja inayoshuka likiwa bila traiki, wakati bawa la nguo moja ni mita nane hadi kumi. Lakini linataka kiwanja kirefu, na kaboni ikipasuka Tabora hakuna wa kuiziba. Wanunue wenye uzoefu wa miaka.

Traiki ya viti viwili iliyotumika, yenye injini ya Rotax 582 ya farasi 64, ni chombo imara cha doria au mafunzo. Kwa kuelea ni nzito mno. Ukiona yenye Rotax 447 au 503, kumbuka injini hizo hazitengenezwi tena. Ya mwisho ni paramota ya magurudumu, yaani injini na kiti chini ya bawa laini kama mwavuli: nafuu na rahisi kubeba, tamu asubuhi na jioni, ila mchana, wakati tai na mwewe wanapozunguka juu, bawa lake linaweza kujikunja.

Ukinunua iliyotumika, kagua kitambaa cha bawa kwanza. Jua linakila kimyakimya, kwa hiyo taka kipimo cha nguvu ya kitambaa na nyuzi zake, na uangalie nyaya kwenye viungo na boliti inayoning'iniza traiki.

Wa Kigoma waongeze jambo moja. Ziwa Tanganyika liko mita 773, hewa ni nzito kuliko ya Tabora, lakini vilima vinashuka hadi majini na traiki ya magurudumu haina pa kutua ziwani. Burundi na Kongo nazo ziko karibu, na Gombe na Mahale ni hifadhi. Popote ulipo, zungumza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kuhusu usajili na leseni kabla hujalipa hata senti.

Mwisho, kabureta. Injini iliyowekewa jeti (vitundu vya kupimia mafuta) za Tabora ikawashwa Dar es Salaam inapata mafuta kidogo kuliko hewa inavyotaka, inachemka na inaweza kunoki. Muuzaji akupe jeti za pande zote mbili, na umuulize zilizofungwa sasa ni za wapi.