Filta ya plastiki yenye stika ya EFI: uzoefu wangu na duka moja la spea Mwanza

"Filta ni filta, mzee. Datsun zote ni moja."

Hivyo ndivyo nilivyojibiwa na mwenye duka la spea hapa mjini, mwaka jana, mvua zikiwa karibu kuanza, na mpaka leo nikipita mtaa ule damu inanichemka. Gari langu ni Datsun 280ZX. Sisemi lina mbio kiasi gani, anayetaka atatafuta mwenyewe. La muhimu ni kwamba ni gari la injekta, yaani petroli inapulizwa kwenye injini kwa presha, halina kabureta inayochanganya petroli na hewa kwa presha ndogo, na ndiyo sababu naandika.

Lilikuwa limeanza kukosa nguvu kwenye mwinuko wa Bugando, likifika katikati linakohoa kama lina kiu. Dalili ya filta ya petroli iliyoziba. Nikaing'oa ile ya zamani, ya chuma, nikaenda nayo dukani ili pasiwe na maneno mengi. Nikamweleza kijana wa kaunta taratibu: pampu ya umeme iko nyuma karibu na tangi, inasukuma petroli kwa presha ya kama paundi 36 kwa inchi ya mraba, petroli inayozidi inazunguka na kurudi tangini muda wote injini inapowaka, kwa hiyo nataka filta ya bati gumu inayostahimili presha hiyo. Kijana alinisikiliza vizuri tu. Aliyedakia ni bosi wake, ameketi nyuma anakula karanga. Akainuka, akaninyang'anya filta yangu mkononi, akaitupa kwenye rundo la vyuma chakavu. Akanitolea ya plastiki, ile inayoonyesha ndani.

Nikasema hii ni ya kabureta. Akasema hata Datsun za Safari Rally zilitumia hiyo hiyo.

Sasa hapo alinigusa. Datsun iliyoshinda Safari mwaka 1971, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, ilikuwa 240Z, na 240Z ni gari la kabureta. Kabureta inaridhika na presha ya paundi tatu nne hivi. Injekta yangu inataka karibu mara kumi ya hapo. Nikamwambia hivyo mbele ya wateja wake. Akacheka, akageuza boksi, akanionyesha stika nyeupe iliyoandikwa EFI, yaani ya injekta. "Soma basi, si unapenda kusoma?"

Boksi linasema EFI. Nililipa, nikaokota filta yangu kwenye chakavu, nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo si kawaida yangu.

Fundi wangu aliishika, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaguna. Akaifunga akifuata stika, mshale ukielekea injini, na mipira mipya ya injekta na klipu mpya. Mjini gari likatulia kabisa. Nikaona labda nimemhukumu yule bwana bure, nikaanza safari ya Lamadi.

Baada ya Kisesa nikasikia harufu ya petroli. Kabla ya Nyanguge imejaa ndani mpaka macho yanawasha. Nikaegesha, nikazima, nikafungua boneti. Filta ilikuwa imeachia pale kwenye kiungo ambapo vipande viwili vya plastiki vimegundishwa, petroli inarusha ukungu juu ya injini ya moto, waya za plagi zimelowa chapachapa. Na kuzima hakukutosha, maana mfumo wa injekta hubaki na presha ndani hata injini ikilala, kwa hiyo iliendelea kuchuruzika huku mimi nimesimama kando ya barabara nikiwafukuza watoto wasisogee, na kijana mmoja wa bodaboda anakuja na sigara mdomoni. Nilimpigia kelele ambazo sijawahi kumpigia mtu.

Nataka niwe mwadilifu. Filta yenyewe, kama filta, huenda haina kosa. Kwenye jenereta, kwenye gari la kabureta, itachuja na utaona uchafu kwa macho, na bei yake ni ya huruma. Ningeipa hata nyota tatu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika mwanzo.

Halafu jana nililichukua lile boksi nikaibandua ile stika. Chini yake kuna maandishi ya kiwandani yanayosema wazi kwamba ni ya injini za kabureta. Stika ilibandikwa juu ya maandishi hayo, sawasawa kabisa, hakuna herufi iliyochungulia. Kwa hiyo nafuta nyota tatu. Anayeficha onyo la petroli kwa karatasi ya gundi anauza moto, na mimi nilisafiri na moto huo.

Filta sahihi niliipata Nyakato, kwa mama mmoja mwenye duka dogo lenye vumbi. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," akaitikia, na kabla hajagusa rafu akauliza: "Baba, kabureta au injekta? Na hii inakaa kabla ya pampu au baada yake?" Swali hilo la pili sijawahi kuulizwa Mwanza. Kabla ya pampu inatakiwa chujio lenye matundu makubwa, kwa sababu pampu hizi zinasukuma vizuri lakini hazipendi kuvuta kwa shida; ukiweka karatasi laini pale, pampu inakosa mafuta, inapata joto, inakufa. Ile laini inakaa baada ya pampu, na lazima iwe inayostahimili presha, kama yangu ya chuma. Akapima midomo ya filta yangu ya zamani kwa kifaa, akatoa inayolingana. Bei iliniuma, nusura niombe punguzo, nikaona aibu. Tangu hapo Bugando napanda bila kukohoa.

Kule mjini nilirudi na filta iliyopasuka. Bosi akasema nichague kitu kingine dukani, hela hairudi. Nyuma yake rafuni yamepangwa maboksi mengine ya aina ile, stika nyeupe zote zinanitazama. Hela yangu akinirudishia nitaandika kwamba amerudisha. Ila stika zile zikiendelea kukaa pale, nyota ni moja, hata akinilipa mara mbili.