Fidia ya ajali: kuzidisha miaka au mkupuo mmoja?

Aliyefariki barabarani akiacha wategemezi, baadhi ya mahakama zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza huwa na njia mbili za kukadiria walichopoteza.

Ya kwanza ni hesabu: mapato ya mwezi, mara 12, mara miaka ambayo angeendelea kuchuma, mara sehemu aliyowapa wategemezi, mara nyingi theluthi mbili. Mapato ya 30,000 kwa mwezi, kwa miaka 15, huzaa 3,600,000. Miaka hiyo hupunguzwa makusudi, kwa kuwa pesa hutolewa leo na maisha yana misukosuko.

Ya pili ni mkupuo mmoja, yaani kiasi kimoja cha jumla bila hesabu ya miaka, jaji akitazama kesi zinazofanana. Huwafaa marehemu watoto au vibarua wasio na hati za malipo.

Kwenye rufaa ndipo tofauti huonekana. Majaji wa juu hawabadilishi kiasi eti wao wangetoa kingine. Lazima kanuni iwe imekosewa, au kiasi kiwe kikubwa au kidogo kupita kiasi. Hesabu hukagulika mstari kwa mstari. Mkupuo usio na sababu, kwa maoni yangu, ni kama kumwachia mrufani mlango wazi.