Cessna 172 au hengiglaida: mwanafunzi aanzie wapi?

Tofauti kubwa iko mikononi. Kwenye Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ukivuta usukani pua inapanda na mwendo unapungua. Kwenye hengiglaida, bawa la kitambaa lisilo na injini, ukivuta bomba la kuongozea mwili wako unasogea mbele, pua inashuka na mwendo unaongezeka. Ndiyo maana rubani wa ndege anayehamia hengiglaida yuko hatarini karibu na ardhi. Akihisi mwendo umepungua, anasukuma bomba kwa mazoea, bawa linapoteza nguvu ya kuinua, na kwa futi 30 hana nafasi ya kurekebisha.

Ukaguzi nao ni tofauti. Cessna: chovya kijiti kwenye matangi, pima oili, kisha chota petroli kidogo kwenye chupa kutoka chini ya kila tangi. Maji ni mazito, yatatulia chini ya chupa. Hengiglaida: kagua boliti na nyaya, halafu ning'inia kwenye hanesi, mikanda inayokubeba chini ya bawa, huku mwenzako ameshika pua. Usiruke hatua hii kamwe. Kusahau kufunga karabina, pete ya chuma inayounganisha hanesi na bawa, kumeua hata wazoefu.

Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hivyo kabla ya kuruka punguza petroli kwenye mchanganyiko wake na hewa, la sivyo injini inakosa nguvu. Hengiglaida inadai mteremko unaotazama upepo tu.

Unataka ajira? Anza na Cessna: leseni binafsi kwa kawaida inadai angalau saa 40 za kuruka. Unataka kuusoma upepo? Hengiglaida inafundisha vizuri zaidi.